Kilengeo cha mbele kimeng'oka kwenye mtutu: nilehemu upya au nichonge mfereji?

Mwanagenzi wa Nyakato

Wakuu, shikamooni. Ninajifunza kazi kwa fundi silaha mwenye kibali hapa Mwanza, na juzi tulipokea bunduki ya kuwindia ya mzee mmoja wa Sengerema, ambayo kilengeo chake cha mbele kimeng'oka pamoja na kikalio chake, yaani kipande cha chuma kinachokibeba juu ya mtutu. Nilipokigeuza kikalio niliona lehemu ya kijivu upande wa kulia tu, pana kama ukucha, na upande wa kushoto kutu tupu. Nadhani lehemu haikuwahi kushika huko, na unyevu wa ziwa ukapata njia. Fundi wangu amesafiri, naye ameniagiza niulize kabla ya kugusa chochote. Je, nilehemu upya kwa bati, nitumie lehemu ngumu ya fedha, au nichonge mfereji wenye mdomo mwembamba na tako pana, kisha nikigongelee kilengeo humo?

Mzee wa Kirumba

Marahaba kijana wangu, na umefanya vyema kuuliza. Lehemu ngumu ya fedha iache kabisa, kwa sababu inahitaji moto unaopita nyuzi 600 za Selsiasi, na moto huo hulegeza chuma cha mtutu na kuacha magamba ndani ya tundu. Mfereji nao una hesabu yake: ikiwa mtutu una milimita 15 mdomoni na tundu ni milimita 7.8, ukuta ni milimita 3.6 tu, na ukichonga kina cha milimita 2.3 unabaki na 1.3. Mimi sikubali kazi hiyo.

Tumia lehemu ya bati yenye asilimia 4 ya fedha, inayoyeyuka karibu nyuzi 221. Kwangua kutu yote kwa msasa mpaka chuma king'ae, usikiguse tena kwa kidole, paka fluksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), kisha upake bati jembamba juu ya mtutu na chini ya kikalio kila kimoja peke yake. Hapo ndipo fundi wa kwanza alipokosea. Chora kwa penseli laini kuzunguka mahali pa kazi, kwa kuwa bati halishiki penye penseli. Ukivibana pamoja, pasha moto polepole huku ukitazama chuma kilicho wazi: kikianza kuwa na rangi ya majani makavu umefika, kikigeuka buluu umepitiliza hadi karibu nyuzi 300. Ukimaliza, osha fluksi kwa maji ya moto na upake mafuta, la sivyo kutu itarudi. Wala usiitumbukize kazi hiyo katika maji ya moto ya kostiki (magadi makali) ya kutia chuma weusi, kwani yanakula bati.

Pima Maji

Naongeza jambo moja kwa mwanagenzi: usilinganishe kwa jicho. Toa mbao ya bunduki, kisha ifunge kwenye jiriwa yenye vipande vya ngozi, weka pima maji juu ya uso bapa wa chini ya chumba cha risasi, sawazisha, ndipo ukipime kikalio kwa pima maji hiyo hiyo kabla ya kuwasha moto. Kilengeo kilicholala upande kidogo hupeleka risasi pembeni.

Kuhusu kimo, zidisha kosa la risasi kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Vilengeo vikiachana milimita 500, na risasi ikapiga sentimita 20 juu kwenye mita 100, kimo cha kilengeo cha mbele kimepungua milimita 1. Kilengeo cha mbele husogezwa kule kule risasi inakopotelea, cha nyuma kinyume chake. Kwa hiyo weka cha mbele kirefu, risasi zipige chini kwanza, kisha upunguze kwa tupa kidogo kidogo.

Mwanagenzi wa Nyakato

Nashukuru sana, wazee wangu. Nimepima mdomo wa mtutu na kupata milimita 14.6, kwa hiyo mfereji nimeufuta. Msasa na penseli ninavyo. Moto nitausubiri mpaka fundi wangu arudi asimame kando yangu.