Asiyefanya mazoezi atozwe bima kubwa zaidi? Tujadili

Hoja Mezani
Wakuu, salaam. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotoka 2024 zinasema kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima, kama bilioni 1.8, hawakufikisha kiwango cha chini cha mazoezi. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 26, na mwendo ukiwa huu watafika 35 ifikapo 2030. Kiwango chenyewe hakimuui mtu: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi. Kisukari, presha na kiharusi vinavyofuata tunavilipia sote kwenye mfuko mmoja. Mvuta sigara anakatwa kodi kwenye kila pakiti. Kwa nini anayeshinda amekaa kitako asitozwe bima ya juu?

Sauti ya Simu
Mkuu, hapo kwenye "anayeshinda amekaa kitako" umenigusa pabaya. Napokea simu za wateja saa nane kwa siku. Nikisimama tu, kompyuta inaandika kwamba nimeacha kazi, na dakika hizo zinahesabiwa mwisho wa mwezi. Hata chooni nakwenda mbiombio. Mwajiri amenifunga kitini, halafu wewe unitoze kwa kufungwa?

Mkimbiaji
Visingizio. Wapo wanaoamka saa kumi alfajiri wakakimbia kabla ya kazi. Na tusifichane, kinamama ndio wanaoongoza kwa kubweteka. Takwimu hizo hizo: wanawake asilimia 34, wanaume 29. Muda wa kuchati upo, wa mazoezi haupo.

Mama Wawili
Kubweteka? Kaka, hiyo saa kumi unayokimbia, nani amebaki na watoto? Mimi nikitoka saa hiyo nafuatwa gizani, na likinipata la kunipata, swali la kwanza litakuwa nilikwenda kutafuta nini nje. Kufua, kudeki, kupanda ngazi na mtoto mkononi, hayo huyaoni.

Mkimbiaji
Dada, kazi za nyumbani zimehesabiwa. Tafiti hizo zinauliza kazi za kulipwa, za nyumbani, safari za miguu na michezo. Na bado ni 34. Sijakutukana, nimesoma namba.

Mama Wawili
Namba umesoma, "kubweteka" umeiongeza wewe. Karibu wanaume watatu katika kila kumi nao hawafikishi. Mbona hao hujawatafutia jina?

Nesi wa Zamu
Ndugu zangu, mnavuana nguo kwa ajili ya pointi tano. Kazi nzito na mazoezi mwili hauvipokei sawasawa. Kuna utafiti wa Copenhagen, ulichapishwa 2021, watu zaidi ya laki moja: waliojishughulisha sana wakati wa mapumziko walipungukiwa na hatari ya ugonjwa wa moyo, waliofanya kazi za nguvu kutwa hatari yao ilikuwa juu. Anayesugua sakafu saa nane hapumziki anapochoka, anapumzika anaporuhusiwa.

Kuhusu kutoza, mtampimaje mtu? Ukimuuliza atajisifu. Ukimvisha kifaa cha kuhesabu hatua, atamvalisha mtoto wake. Wodini mgonjwa wa kisukari tunampima baada ya kula, anazunguka kwenye korido dakika ishirini, tunampima tena mbele ya macho yake, na mara nyingi namba imeshuka. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kwenye damu hata pale insulini inapozembea. Mtu akiiona namba hiyo kesho yake anavaa viatu mwenyewe. Bili kubwa itamfanya ajitoe kwenye bima, nami nitampokea akiwa amechelewa.

Usukani
Mnaongea kazi bila kututaja madereva. Jerry Morris, daktari mtafiti, alilionyesha hili London mwaka 1953 kwenye mabasi ya ghorofa. Dereva kakaa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa, na makondakta ndio waliougua moyo kidogo zaidi. Basi lilelile, njia ileile. Kiti ndicho kinachoua, na kiti ni cha mwajiri.

Mkimbiaji
Malizia basi. Mwaka 1956 Morris na wenzake walipekua saizi za sare, wakakuta madereva wanavaa suruali za kiuno kipana kuliko makondakta, hata walio vijana. Watu wanene waliufuata usukani wenyewe.

Usukani
Wanene? Kijana, hunijui, na kiuno changu hakikuhusu. Morris alirudi tena kwenye hesabu: kondakta awe mwembamba au mnene, bado alikuwa na nafuu kuliko dereva. Na watu wa posta je? Waliosambaza barua kwa miguu walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa ofisini. Nao ni suruali?

Hoja Mezani
Wakuu, basi niulize hivi: mwajiri anayemweka mtu kitini kutwa ndiye achangie zaidi kwenye mfuko?

Sauti ya Simu
Mkuu, sasa tunaelewana. Ila mimi sitaki pesa yake, nataka nitembee dakika tano kila saa bila kukatwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 iliondoa sharti kwamba mazoezi yadumu dakika kumi mfululizo ndipo yahesabiwe. Hata kidogo kidogo kinahesabika.

Mkimbiaji
Dakika tano haziwezi kubeba saa nane. Uchambuzi wa 2016, wa Ekelund na wenzake, watu zaidi ya milioni moja: kufuta hatari ya kukaa muda huo kunahitaji dakika 60 hadi 75 kila siku.

Mama Wawili
Saa nzima na robo. Kila siku. Na watoto?

Mkimbiaji
Abaki nao baba yao. Mimi wikendi nabaki na wangu, mke wangu anakwenda kuogelea.

Mama Wawili
Hizo ni siku mbili. Tano zilizobaki anaogelea saa ngapi?