Garaje za Lubumbashi, acheni kung'oa boksi za hewa za watu na kutuuzia makelele

Bandugu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaoleta magari yenu kwa mafundi wa huku, someni hii kabla hamjatoa hela.

Kuna garaje moja mjini, jina siliweki ili uzi usifutwe, inalipisha dola 350 kwa kitu wanachokiita "admisio ya sport". Wanang'oa boksi nzima ya filta iliyokuja na gari, wanaweka tiyo (bomba) ya aluminiamu inayong'aa na filta ya koni nyekundu iliyoachwa wazi pembeni mwa motere (injini). Wanakuahidi nguvu ya farasi 30 zaidi. Gari yangu ni Subaru Impreza WRX STI ya 2008, lita 2.0 ya turbo, ile ya Japani ya farasi 308, iliyoshukia Dar es Salaam ikapita Zambia mpaka Kasumbalesa kama nyingi za hapa. Iliingia kwao ikiwa nzima. Sasa nikiikanyaga inasita na kugonga, taa ya motere inawaka, na boksi yangu ya asili haipo tena!

Niliuliza maswali kabla ya kulipa. Mekanisie akanijibu: "Patro, ile boksi ya usine inakaba motere. Tunatosha ile, tunatia hii, iko inapumua." Nikamuuliza hewa ya baridi itatoka wapi kama filta inakaa wazi karibu na radiata. Akanyoosha kidole kwenye tundu la juu ya kapo (boneti): "Itaingilia pale." Uongo! Tundu la kapo kwenye STI halipeleki hewa kwenye filta. Linapeleka upepo kwenye ile radiata ya hewa iliyolala juu ya motere, ili kupoza hewa ambayo turbo imekwisha kuikandamiza. Filta iko kwingine kabisa, na boksi ya usine, ile ya kiwandani, ilikuwa inavuta hewa kutoka mbele ya gari. Mtu asiyejua kazi ya tundu lile hafai kushika spana kwenye gari hii, achilia mbali kulipisha watu dola 350.

Tuje kwenye uharibifu wenyewe, maana mafundi wengi wanaujua na wananyamaza.

Kwenye tiyo ya hewa kuna kapteri, yaani kifaa cha kupimia, yenye waya mwembamba unaotiwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza waya. Kompyuta inaongeza umeme ili waya ubaki na joto lake, na kwa kupima umeme huo inajua hewa kiasi gani imeingia, ndipo inapima esanse (petroli) ya kutoa. Sasa, kapteri ile haioni hewa yote. Inaonja sehemu ndogo tu inayopita mbele yake, halafu kompyuta inakadiria iliyobaki kwa hesabu iliyowekwa usine kulingana na upana wa tiyo ya usine. Badilisha upana wa tiyo, hesabu yote inaharibika. Toa tiyo ya milimita 70, weka ya 76. Tofauti ni milimita 6, lakini nafasi ya ndani ya hewa kupita imeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa ileile sasa inapita polepole zaidi, waya unapoa kidogo, na kompyuta inaamini imeingia asilimia 85 tu ya hewa iliyoingia kweli. Basi inatoa esanse ya hiyo 85.

Motere ya turbo ikikanyagwa mpaka mwisho inatakiwa kupata kilo moja ya esanse kwa karibu kilo 11 za hewa, kwa sababu esanse ya ziada inasaidia kupunguza joto ndani ya silinda. Kwa kosa hilo la tiyo unafika karibu 13. Huko ndiko motere inakoanza kugonga, yaani esanse inalipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni za motere hizi za Subaru za aina ya EJ zinajulikana kwa kuvunjika kingo zinazoshika ringi. Ikivunjika, hujaharibu filta wala tiyo. Umeharibu motere.

Na wanajua jinsi ya kukutoa garajeni ukiwa na furaha. Ukizunguka mjini taratibu, kapteri ya oksijeni kwenye bomba la moshi inaliona kosa, na kompyuta inaongeza esanse yenyewe kurudisha mchanganyiko kwenye ule wa mwendo wa kawaida, kilo 14.7 za hewa kwa moja ya esanse. Gari inaonekana iko sawa. Halafu wameondoa boksi iliyokuwa inameza sauti, kwa hiyo unasikia turbo inavuta na kupiga miluzi na unaambiwa hizo ndizo farasi. Siku unapopata barabara wazi ya kwenda Likasi na kukanyaga mpaka chini, masahihisho yale ya papo kwa papo yanawekwa kando, na kompyuta inategemea kapteri ya hewa na jedwali lake la esanse. Kapteri inasema uongo. Hakuna tena wa kukuokoa.

Fundi mwingine wa Kampemba, kijana mwenye akili, alichomeka skana yake bila hata kugusa kitu. Kodi P0171, mchanganyiko mwembamba, yaani esanse ni kidogo kwa hewa iliyopo. Marekebisho ya esanse ya muda mrefu yamepita asilimia 20 juu. Gari nzima inakaa karibu na sifuri, tano juu au tano chini. Akaniuliza nani alibadilisha ramani ya kompyuta, yale majedwali yake ya esanse na presha, baada ya kuweka tiyo hii. Hakuna! Hawana programu ya kufanya hivyo, hawana kipimo cha mchanganyiko, hawana mashine ya kupimia nguvu. Hizo farasi 30 walizisoma kwenye karatasi ya boksi ya bidhaa.

Na kwenye gari ya turbo ahadi hiyo ni dhaifu tangu mwanzo. Kompyuta ina presha inayoilenga; ikifika hapo valvu inafunguka na moshi wa ziada unapita pembeni ya turbo. Ukirahisisha njia ya hewa kabla ya turbo, turbo inapumzika kidogo, lakini presha inabaki ileile mpaka mtu abadilishe ramani. Filta ya karatasi iliyo safi haikunyimi farasi 30.

Kinachokunyima farasi ni joto. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, kwa hiyo turbo tayari inafanya kazi ya ziada. Kuweka filta wazi nyuma ya radiata ni kumwambia mkimbiaji avute pumzi juu ya mbabula (jiko la makaa). Nikiwa kwenye msongamano wa katikati ya mji, skana ilionyesha hewa inayoingia imepita nyuzi 60 wakati nje ni kama 30. Hewa ikipanda kutoka 30 hadi 60 inapoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake. Hapo ndipo wanaposema motere inapumua.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni mavumbi. Sisi tunaishi Katanga! Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua hakuna, udongo mwekundu wa Ruashi na Annexe unapanda mpaka kwenye vyombo vya jikoni, na ukifuata malori ya shaba kuelekea Kasumbalesa huoni gari iliyo mbele yako. Motere ya lita 2 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inameza lita 6,000 za hewa kila dakika, na hiyo ni kabla turbo haijaongeza. Kila kinachoponyoka kwenye filta kinapita kwenye mapanga ya turbo, kinasugua silinda na ringi, kinaingia kwenye oili. Kuna kipimo cha kimataifa cha filta za hewa, ISO 5011, kinachopima mavumbi mangapi yanazuiwa na mangapi yanapita. Niliwaomba matokeo ya koni yao. Walinitazama kana kwamba nimewatukana.

Nikajipimia mwenyewe. Nililegeza tiyo baada ya filta, nikapitisha kitambaa cheupe ndani. Kikatoka chekundu. Upande huo unatakiwa kuwa safi kabisa, maana kutoka hapo ni turbo tu! Koni ile pia inapakwa mafuta, na ikizidishiwa mafuta yanaruka na kuganda kwenye waya wa kapteri. Ya kwangu ilikuwa inachuruzika.

Nilirudi kwao kudai vitu viwili tu: hela yangu na boksi yangu. Patro wa garaje akasema vipande vya zamani vinabaki kwa garaje, ndiyo desturi. Desturi ya nani? Boksi ile ilikuja na gari yangu, niliinunua pamoja na gari, haina ufa wala kasoro. Halafu kijana wake mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ilikwisha kuuzwa. Kwa hiyo nimelipa dola 350 ili waniharibie gari, na wao wakapata hela ya pili kwa kuuza mali yangu. Huo ni wizi, na nitaendelea kuuita wizi.

Kazi hii inaweza kufanywa vizuri, nimewahi kuiona. Fundi anaanza na skana kabla ya kugusa kitu, anaandika joto la hewa, presha na marekebisho ya esanse. Anakagua mpira wa kati ya kapteri na turbo kama haujapasuka, anasafisha kapteri kwa dawa yake, anaweka filta mpya ya karatasi ndani ya boksi ileile. Magari mengi yanarudisha nguvu hapo hapo. Mteja akitaka tiyo kubwa, filta inazungushiwa boksi iliyofungwa yenye njia ya hewa ya nje, ramani inabadilishwa siku hiyohiyo, na vipimo vinarudiwa. Vipande vya zamani vinawekwa kwenye buti ya mteja.

NYONGEZA: Yaya mmoja (ndugu mkubwa) ameuliza hapo chini kama aendelee kutumia gari yake iliyofungwa admisio hiyo wakati anatafuta boksi. Yaya, tembea nayo polepole tu, usiipandishe presha, na kila jioni pitisha kitambaa ndani ya tiyo. Kikitoka chekundu, egesha.

Mimi natafuta boksi kamili ya STI ya 2008 pamoja na tiyo ya kapteri, hata ya gari iliyogonga. Na wote mliofungiwa admisio hiyo, wekeni hapa aina ya gari, upana wa tiyo na namba ya marekebisho ya esanse kutoka kwenye skana. Nataka kwenda kwa yule patro nikiwa na orodha mkononi.