Sabufa ya kompyuta sauti inapanda na kushuka yenyewe: kupulizia dawa, kubadilisha voliumu au kuiruka?

Besi_Nzito
Wakuu, sabufa ya mezani ya 2.1 (sabufa moja na spika mbili). Ukigusa kirungu cha sauti inakwaruza, spika ya kushoto inapotea, ukizungusha kidogo tena sauti inalipuka. Ipi bora: kusafisha, kubadilisha voliumu (kipuri kilicho chini ya kirungu), au kuiruka (sauti ipite bila kupitia kipuri hicho) na kupunguzia kwenye kompyuta?

FundiWaya
Kabla ya bisibisi, chomeka simu kwa waya uleule wa 3.5 mm, cheza mlio mmoja wa kHz 1 dakika kumi bila kugusa kitu. Ikitulia, kosa liko kwenye kompyuta. Windows hushusha sauti nyingine kwa asilimia 80 ikihisi kuna simu ya mtandaoni: bonyeza Windows+R, andika mmsys.cpl, ingia Communications, chagua Do nothing. Zima na Loudness Equalization kama ipo, hiyo huinua penye kimya na kubana penye kelele.

Ikiyumba pale besi inapopiga tu, voliumu haihusiki. Tazama kapasita za umeme (vikopo vya kuhifadhi chaji kwenye bodi), zilizovimba kichwani zibadilishwe.

mzee_wa_lehemu
Ikibaki kuwa voliumu, mita ya kupima ukinzani (ohm) ndiyo iamue. Chomoa umeme, subiri kapasita kubwa ziishe chaji, kisha itoe kwenye bodi. Ikipimwa hukohuko, vipuri jirani vitakudanganya. Ya stirio ina safu mbili za pini tatu. Pini mbili za pembeni zisome karibu na kilichoandikwa: B503 ni 50K (kilo-ohm 50), B104 ni 100K. Halafu pima pembeni hadi katikati, ukizungusha polepole.

Namba ikirukaruka ovyo ni uchafu. Pulizia kidogo kisafishaji cha kontakti ndani ya tundu, zungusha mwisho hadi mwisho mara ishirini au thelathini, iache ikauke. Namba ikikatika palepale kila ukipita, njia ya kaboni imelika, na hapo dawa ni kujifariji. Mafuta ya bawaba usiyaguse kabisa: yanakamata vumbi na mkwaruzo unarudi.

Bodi_Kavu
Ya nini yote hayo? Iruke. Unganisha pini ya kuingia na ya katikati kwa kipande cha waya, kushoto na kulia, kazi imekwisha.

FundiWaya
@Bodi_Kavu inalia, sawa, lakini ampu inabaki wazi muda wote. Kompyuta ikiwaka na sauti asilimia 100, utaruka kitini. Na ukishusha sana kwenye kompyuta, muziki unapungua ila mvumo wa ampu uko palepale. Kama ni lazima kuruka, weka rizista ya 33K kutoka pini ya kuingia hadi ya katikati, na 10K kutoka katikati hadi graundi, kila upande. Inashusha takriban dB 13.

Kisanduku
Kwa wengine wenye tatizo kama hili: kirungu kinachozunguka bila kugota ni enkoda (swichi inayotuma hesabu ya mizunguko), si voliumu ya kaboni. Dalili yake ni kuwa unashusha, sauti inapanda. Jaribu kusafisha, ikigoma, weka enkoda nyingine. Voliumu ya kaboni haiwezi kukaa badala yake.

Besi_Nzito
Kinagota. Ni B503, namba inakatika kwenye robo ya mzunguko. Dukani kuna A503 tu.

mzee_wa_lehemu
Robo ndipo kirungu hukaa kila siku, ndipo kaboni huisha. Basi badilisha. A (ukinzani hupanda polepole mwanzoni) ni nzuri kwa sauti kuliko B (hupanda sawasawa): kwa sikio B inakimbilia juu mwanzoni, ukipita nusu husikii tofauti. Linganisha nafasi za pini na urefu wa shina kabla ya kulipa. Ila geuza bodi kwanza. Ukikuta rizista kati ya pini ya katikati na graundi, aliyebuni ameshaikunja B ifanane na A. Hapo tafuta B503 ileile.