Stiki za alumini za kufuli la kuzungusha zitaua mtu, na anayekatwa mshahara ni mbebaji

Wadau, salaam. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjajibu, maana hili jambo limenikaa kooni tangu msimu uliopita.

Mimi ni mfuata nyayo wa wanyama, Karamoja, Uganda, upande wa Napak. Huu ni mwaka wa 9 nabeba stiki za kulengea za wageni wanaokuja kuwinda kwa kibali. Kwa asiyezijua, ni miguu mitatu unayoitandaza mbele ya mwindaji ili aegemeze bunduki akiwa amesimama. Nyasi zetu baada ya mvua hazikuruhusu kulala kifudifudi wala kupiga goti, hutaona kitu. Basi karibu kila risasi huku inatokea juu ya stiki, na mtu wa kwanza kujua kama stiki ni mbovu ni yule aliyeishika, siyo yule aliyeinunua.

Miaka yote nilitumia za kwangu za mti wa mkole. Msimu uliopita ofisi ikanunua za dukani, Kampala. Alumini, nyeusi, zinajikunja ndani ya mfuko wake, zaidi ya laki saba. Muuzaji alisema ni za kazi ngumu. Mimi na dereva tulizitoa kwenye mfuko tukazitazama, na siku hiyohiyo nikamwambia meneja: bosi, hizi kufuli za kuzungusha hazitavumilia vumbi la huku. Akanijibu zimelipiwa, zitumike.

Kila mguu ni mabomba matatu yanayoingiana. Ukitaka kurefusha unalegeza kola, ile pete ya nje kwenye maungio, unavuta, unazungusha tena kukaza. Ndani ya kola kuna kipete cha plastiki kinachobana bomba. Kinachobana ni hicho tu, kipete chembamba kama ganda la kalamu! Vumbi letu ni la unga, linaingia kila mahali, na likiingia hapo plastiki haishiki tena, inateleza. Unakaza mpaka kiganja kinauma, unadhani imeshika, kumbe bado. Na ubaya mkubwa wa kufuli la kuzungusha ni kwamba likiwa limekaza na likiwa limelegea linaonekana sawasawa. Zile za klipu ya kubana kwa kidole angalau unaona kwa macho kama imefungwa au iko wazi. Hii ya kuzungusha inakuficha mpaka uzito wa bunduki ukae juu.

Siku ya 3 ile raba ya pale juu bunduki inapokaa ikabanduka. Kila chuma kilipogusa jiwe au mwiba, ti! Swala wameinua vichwa. Nikafunga vitambaa miguuni, nikazungushia tyubu ya baiskeli juu. Nikajitahidi kweli.

Sasa siku yenyewe. Mgeni ni mzee wa makamo, mstaarabu, amesafiri kutoka mbali. Kumfuata nyati dume mmoja tulianza alfajiri, tukamkuta saa kumi jioni amesimama chini ya mgunga, ubavu wote umetuelekea, mita 80 hivi. Mwindaji bingwa, yule wa kazi anayemwongoza mgeni, akaninyooshea kidole nikafungua stiki. Mimi kila mgeni mpya namwekea alama ya urefu wake kwa kalamu ya wino kwenye bomba la kila mguu, mstari mmoja mweusi pale bomba linapoingia kwenye kola, ili nisihangaike kupima wakati mnyama ametusimamia. Alama zote tatu zilikuwa mahali pake. Mgeni akaweka bunduki yake ya .375, akaegemea, akavuta pumzi.

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni, jicho langu liko kwenye mguu wa mbele kulia. Ule mstari mweusi ukaanza kuingia ndani ya kola. Taratibu. Nusu yake ikazama, kisha wote haupo. Nikafungua mdomo niseme "ngoja mzee", na bunduki ikalia.

Nyati akajikunja mgongo akaondoka hivyohivyo amejikunja. Kila mtu wa kazi hii anajua maana yake: risasi imeingia tumboni. Tukasubiri nusu saa, tukaingia kwenye nyayo, damu chache na nyeusi, giza likatukuta. Hatukulala. Asubuhi tukaendelea, na saa nne akatutokea kwenye kichaka, hatua kama 15, anakuja. Mwindaji bingwa na renja walipiga pamoja. Renja alianguka kinyumenyume akateguka kifundo cha mkono. Mnyama alikaa saa 18 na risasi tumboni kwa sababu ya kipete cha plastiki. Nikifumba macho bado nauona ule mstari unavyozama.

Halafu nini? Mwisho wa mwezi nakuta nimekatwa laki mbili. Sababu iliyoandikwa: "kushika stiki vibaya."

Kushika vibaya! Meneja ananiambia eti mguu umeshuka kidogo tu, haiwezekani risasi ipotee kiasi kile kwa sababu hiyo, lazima nilitikisa. Nataka nimjibu hapa mbele ya watu. Bunduki imekaa kwenye bega, na mahali inapoegemea stiki ni kama sentimita 60 mbele ya bega. Hapo pakishuka milimita 1 tu, kwa mita 100 risasi inashuka zaidi ya sentimita 16. Kwa mita 80 ni zaidi ya 13. Chukueni rula mpige hesabu wenyewe. Na mguu mmoja kati ya mitatu ukizama, kichwa cha stiki hakishuki tu, kinainamia upande ule pia, na bunduki inakwenda nacho. Upande ule siku hiyo ndio uliokuwa wa tumbo. Nani aliyetikisa?

Mgeni alilipa ada yote ya nyati wake, maana kanuni ya kazi hii ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa amehesabiwa. Hakulalamika, ila hakunishika mkono wakati wa kuaga. Hilo limeniuma kuliko laki mbili.

Na hili siyo la kambi moja tu. Uwindaji wa wageni ulifungwa nchi hii mwaka 1979, ukaja kurudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Ziwa Mburo. Umerudi kwa ahadi kwamba utafanywa kwa utaratibu na kwamba vijiji vitapata sehemu ya ada. Kila nyati anayekimbia na risasi tumboni anawapa nguvu wanaotaka ufungwe tena, na ukifungwa ofisi itahamia biashara nyingine. Sisi tutahamia wapi?

Sasa niseme kuhusu mkole, maana kuna watu ofisini wanaona stiki za mti ni ushamba. Mkole unaota ukiwa umenyooka, ni mgumu na bado unapinda bila kuvunjika, ndiyo maana wachungaji huku wanatembea nao. Nakata miti mitatu minene kama gumba langu na nusu, naimenya ikiwa mibichi, napitisha juu ya moto palipopinda nanyoosha kwa goti, kisha naifunga pamoja na kuiacha kivulini wiki kadhaa. Usiiweke juani, itapasuka. Natoboa tundu sentimita 15 kutoka juu, naunganisha kwa utepe wa tyubu ya baiskeli uliosokotwa. Chini navalisha vipande vya tairi la gari, haigongi jiwe. Juu navalisha ngozi ya mbuzi. Hakuna kufuli, kwa hiyo hakuna cha kulegea. Ukitaka chini unapanua miguu, ukitaka juu unaikusanya. Ukiwa mteremkoni, miguu miwili chini na mmoja juu. Jozi yangu ina miaka 5, nimebadilisha tyubu tu.

Sisemi hazina kasoro. Ni nzito, mgeni hawezi kuzipakia kwenye ndege, na akitaka kupiga akiwa ameketi unahitaji nyingine fupi. Mwanzi wa Mlima Elgon ni mwepesi zaidi, ila nimeona mwingi ukipasuka kwenye kifundo kiangazi. Hata alumini sina ugomvi nayo kama kufuli ni la klipu na mtu anaisafisha kila jioni. Ugomvi wangu ni kununua kwa picha.

Ninachodai ni hiki. Duka lipokee zile stiki lirudishe pesa, maana nimewapelekea picha za kipete kilicholika na wamenyamaza wiki tatu. Ofisi inirudishie laki mbili zangu na ifute lile neno kwenye faili langu. Na kabla ya kununua kifaa chochote cha porini, aitwe anayekibeba akijaribu: atundike mfuko wa mchanga wa kilo 10 pale juu, apige alama ya wino, aondoke, arudi baada ya robo saa aangalie alama iko wapi. Basi.

NYONGEZA, jioni: Nimeulizwa inbox kwa nini sikukataa kuzibeba mapema. Nina watoto wanne shuleni, ndugu yangu. Na yule aliyeuliza kuhusu kuwinda nzohe, swala wa majini, kwenye mafunjo: huko miguu mitatu inazama topeni hata ikiwa ya chuma kitupu, funga vibao vya mbao chini ya kila ncha, au pandeni kwenye jukwaa mweke bunduki juu ya mfuko wa mchanga.

Dereva amenipigia sasa hivi. Zimeagizwa jozi mbili nyingine, za aina ileile, duka lilelile. Mimi hizo sizibebi, na asubuhi nakwenda kumwambia meneja uso kwa uso, nikiwa na stiki zangu za mkole begani.