Je, kuondolewa kwa Dunia katikati ya ulimwengu kulimshushia mwanadamu hadhi?

Mwalimu wa Kidato
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Juma lililopita niliwafundisha vijana wa kidato cha pili kwamba mwaka 1543 mwanafalaki Copernicus alichapisha kitabu kilichoiondoa Dunia katikati na kuliweka Jua mahali pake. Binti mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kumbe sisi si kitu?" Kengele ikalia kabla sijamjibu vizuri, na swali lake halijaniondoka. Husimuliwa kwamba watu wa kale walijiweka katikati kwa kiburi, kisha sayansi ikawaumbua. Je, ndivyo ilivyokuwa?

Falaki_Pwani
Mwalimu, shikamoo. Naona simulizi hiyo inawadhulumu watu waliokuwa makini. Katika mafundisho ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katikati hapakuwa kiti cha heshima. Palikuwa chini kuliko kote, mahali ambapo kila kizito huangukia na ambapo vitu huzaliwa, huoza na kufa, ilhali kuanzia mwezini kwenda juu vyote vilidhaniwa kuwa safi na vya milele. Kwa hiyo Copernicus alipoihesabu Dunia miongoni mwa sayari, kwa kipimo cha enzi hizo alikuwa ameipandisha daraja.

Tena walioiweka Dunia katikati walikuwa na hoja. Kama Dunia inalizunguka Jua, nyota za karibu zingepaswa kuonekana zikisogea kidogo mbele ya zile za mbali. Mwambie binti huyo anyoshe kidole mbele ya uso, afumbe jicho la kulia, kisha la kushoto, aone kidole kinavyoruka mbele ya ukuta; macho yake mawili ni kama Dunia ikiwa upande huu na upande ule wa Jua. Mruko kama huo ulitafutwa angani muda mrefu bila kuonekana, kwa kuwa nyota ziko mbali mno, mpaka mwanafalaki Bessel alipotangaza kipimo chake mwaka 1838, cha nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 11 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

Mjukuu wa Nahodha
Naongezea habari za Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Damascus katika karne ya 14. Hakuridhika na hesabu za Ptolemy, mwanafalaki wa kale aliyeiweka Dunia katikati, ambazo kwazo Mwezi, unapokuwa nusu, ungetukaribia hata uonekane karibu mara mbili ya ukubwa wake, jambo ambalo yeyote mwenye macho atalikanusha. Akatunga hesabu nyingine, na zile za mwendo wa Mwezi zinalingana na alizotumia Copernicus baadaye. Hata hivyo, Dunia aliiacha palepale katikati. Sioni kiburi hapo. Namwona mtu aliyefuata ushahidi hadi ulipomfikisha.

Msomaji wa Anga
Wala Jua lenyewe halikudumu katikati. Leo tunajua kwamba liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000 kutoka kitovu cha galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua limo. Zaidi ya hapo, tangu mwanafalaki Hubble alipoonyesha mwaka 1929 kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi, neno "katikati" limekosa pa kukaa. Fikirini donge la unga lenye zabibu ndani yake: unapoumuka, kila zabibu huona nyingine zote zikienda mbali nayo, na hakuna yenye haki ya kudai kwamba yenyewe ndiyo imesimama.

Mwalimu wa Kidato
Ahsanteni sana. Kipindi chetu kijacho ni Jumatano. Nitaanza na kidole, kisha Ibn al-Shatir, halafu nitampa binti yule nafasi aulize swali lake upya.