Sheria ya Mtoto ipo. Binti wa miaka 15 anaolewaje?

Mzazi wa Kongwa:
Ndugu wanajukwaa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Iweje basi kijijini kwetu binti wa miaka 15, aliyemaliza darasa la saba, aozwe kwa ng'ombe mbele ya viongozi, nao wakala pilau?

Wakili mstaafu, Dodoma:
Sheria zetu zinagongana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo, vinavyoruhusu ndoa hizo, vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa (jambo lililonisikitisha mno), na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Mwalimu, Bahi:
Angekuwa bado mwanafunzi, Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa 2016, ingemfunga mwoaji miaka 30. Hata hapo, shahidi mkuu huwa mzazi aliyekwisha kupokea mahari, na siku ya kesi haonekani. Pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Mzazi wa Kongwa:
Nashukuru, Mwalimu. Kumbe kinga hiyo ilimtoka siku alipokabidhi karatasi ya mtihani wa mwisho? Kesho nitamwona afisa ustawi wa jamii.