Nusu ya shamba la zabibu ina ubwiri unga, nusu haina. Kwa nini?

Mpunguzi_eka1: Wakuu habari. Nina eka moja ya zabibu nyekundu ya Makutupora. Msimu huu vibarua walinikimbia katikati ya kupogolea, nusu ya pili nikaimalizia wiki nne baadaye. Sasa ubwiri unga, ule ugonjwa wa kuvu wa unga mweupe, umeingia. Mistari iliyochelewa, punje zikiwa kama mtama, imepakaa weupe kama imetoka mashineni. Ya kwanza, hatua tatu pembeni, vichala safi! Mbegu moja, dawa moja ya salfa, upepo mmoja. Jirani anasema nimerogwa nusu shamba.

Mzee wa Hombolo: Hujarogwa, mwanangu, ni umri. Punje haina ujanja kwa ubwiri unga tangu ua kufunguka hadi wiki tatu au nne baada ya ua kufunga tunda. Ikishavuka hapo kuvu haipenyi ngozi kirahisi. Mistari ya kwanza ilikuwa imevuka. Ila kagua vikonyo, vyenyewe vinachelewa kukomaa. Mimi mwaka juzi nilipiga salfa punje zikiwa kama gololi, hela ikaenda bure. Ilitakiwa nianze kabla ya maua. Hizo zilizopakaa usizitegemee sana: ngozi iliyougua changa haitanuki, nyama ya ndani inazidi, punje inapasuka.

Mpunguzi_eka1: Shikamoo mzee. Na ubwiri vinyoya, ule ugonjwa mwingine wa mizabibu, je?

Mzee wa Hombolo: Marahaba. Ule unapitia vitundu vya kupumulia. Punje ikikua vitundu vinaziba, nao unakosa mlango. Ila majani usiyaache bila kinga.

Kibaigwa_Shambani: Mkuu, urea uliweka?

Mpunguzi_eka1: Mistari iliyochelewa tu, iwafukuzie wenzao 😅

Kibaigwa_Shambani: Basi uliongeza kuni. Urea nyingi inaleta majani mengi, machanga, yenye kivuli ndani, na ubwiri unga unapenda jani changa. Na usidhani mbegu yenye kinga ni bure, kinga nayo mmea unailipia. Kuna shayiri za asili ya Ethiopia ambazo ubwiri unga hauzishiki, lakini majani yake hutoka madoa yaliyokufa bila kuugua, na huzeeka mapema. Wazungu walianza kuuza mbegu zenye kinga hiyo 1979, ikabidi wachambue sana wapate zenye mavuno.

Mpunguzi_eka1: Nimeelewa. Salfa nipige saa ngapi, na jua letu hili?

Mzee wa Hombolo: Asubuhi mapema au jioni. Joto likipita nyuzi 30 itakuunguzia majani. Na hizo nusu mbili za shamba mwakani zipogolee wiki ile ile moja, hata kama ni wewe na mama watoto tu.